Jack the Ripper: Kosminski, Druitt, Chapman au Lechmere? Namna ya kuzipima nadharia kabla hujachagua upande

Ukitazama video tatu kuhusu Jack the Ripper, muuaji asiyejulikana aliyewaua wanawake London mwaka 1888, usiku mmoja utalala na wauaji watatu. Ya kwanza itakuapia kwamba ni kinyozi Mpolandi, kwa kuwa vinasaba vyake vimeonekana kwenye shali. Ya pili itamtaja mwendesha mkokoteni aliyejifanya ameikuta maiti njiani. Ya tatu itakupeleka ikulu, kwa daktari wa Malkia Victoria. Kila moja ukiisikiliza peke yake inakubalika. Shida inaanza ukiziweka meza moja.

Ulinganisho huu nimemwandikia aliyekwama hapo. Nimechukua nadharia nne zenye jina na moja isiyo na jina, nikaziuliza maswali yaleyale. Sitamtangaza mshindi, kwa sababu jalada lenyewe halina mshindi: polisi wa London hawakumfikisha mtu yeyote mahakamani kwa mauaji haya. Lakini kila nadharia ina mzigo wake, na ukiuona mzigo mapema hutashangazwa na mtu kwenye mjadala.

Kabla ya muuaji, hesabu waliouawa

Watu wengi huanza na swali la nani aliua. Mimi nakushauri uanze na nani waliuawa, kwa sababu nadharia zote zimejengwa juu ya idadi, na idadi ina ubishi wake.

Orodha inayotumika zaidi ina wanawake watano, wote wa mwaka 1888, wote mashariki mwa London. Mary Ann Nichols, aliyeitwa Polly, miaka 43, aliuawa Buck's Row tarehe 31 Agosti. Annie Chapman aliuawa tarehe 8 Septemba, uani mwa nyumba namba 29 Hanbury Street. Elizabeth Stride, mzaliwa wa Uswidi, na Catherine Eddowes waliuawa usiku mmoja wa kuamkia tarehe 30 Septemba: Elizabeth alikutwa saa saba usiku katika ua ulio pembeni mwa Berner Street, Catherine akakutwa dakika 45 baadaye katika kiwanja cha Mitre Square. Mary Jane Kelly, wa miaka kama 25, aliuawa tarehe 9 Novemba chumbani kwake Miller's Court. Aliyemkuta alikuwa ametumwa na mwenye nyumba kudai kodi.

Hao watano walifungwa kamba moja na Dakta Thomas Bond Novemba 1888, kisha Melville Macnaghten wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, akairudia hesabu hiyo katika waraka wake wa 1894. Lakini jalada la polisi kuhusu mauaji ya Whitechapel, eneo la mashariki mwa London yalikotokea, lina vifo 11, kuanzia Aprili 1888 hadi Februari 1891. Wapo wanaomwongeza Martha Tabram, aliyechomwa kisu mara 39 tarehe 7 Agosti 1888. Wapo wanaomwondoa Elizabeth Stride, kwa sababu yeye alikatwa koo tu, tumbo halikuguswa. Wanaombakiza hujibu kwamba muuaji alikatizwa: Louis Diemschutz aliingia uani na mkokoteni wake wa farasi mdogo, na farasi akagoma kusogea.

Kwa nini hesabu hii ni muhimu kwako unayechagua? Angalia. Ukimweka Alice McKenzie, aliyeuawa Julai 1889, basi Druitt, mmoja wa washukiwa wetu, ametoka, kwa kuwa wakati huo alikuwa kaburini. Ukimweka Frances Coles, aliyeuawa tarehe 13 Februari 1891, basi Kosminski naye ametoka, kwa kuwa siku sita kabla alikuwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mtu anayekuambia "ni Druitt" bila kukuambia kwanza anahesabu wangapi, amekuficha nusu ya hoja yake.

Naomba tubaki na Catherine kidogo. Alikuwa ametoka Kent na mwenziwe, John Kelly, kuvuna maua ya kutengenezea bia, na fedha iliisha hata wakaweka rehani buti za mwanamume. Usiku ule alilala mahabusu kwa ulevi, akaachiwa saa saba, akauawa kabla ya saa nane. Polisi waliorodhesha vitu alivyokutwa navyo: kopo la majani ya chai, kopo la sukari, vipande sita vya sabuni, kitana kidogo, glavu moja nyekundu, kopo la haradali lenye stakabadhi mbili za rehani. Hiyo ni mali ya mtu asiye na mlango wa kufunga, anayetembea na nyumba yake mwilini. Polly naye alikuwa amefukuzwa kwenye nyumba ya vitanda vya kukodi kwa sababu alipungukiwa peni nne za kitanda. Akatoka akitamba na kofia yake mpya kwamba fedha ataipata sasa hivi.

Magazeti ya 1888 yaliwapa wote jina moja, makahaba. Leo jina hilo linabishaniwa kwa baadhi yao, na ubishi huo si wa heshima tu. Kama muuaji alikuwa mteja, tunamtafuta mtu aliyeweza kuzungumza na mwanamke akamfuata gizani. Kama aliwavizia wanawake waliochoka na wasio na pa kulala, tunamtafuta mtu mwingine kabisa.

Mizani: maswali matano

Kila nadharia nimeiuliza haya. Nani alimtaja mtu huyu, na lini? Ushahidi wa kumweka Whitechapel vuli ile ya 1888 ni upi? Ana historia ya kisu au ya kuwadhuru wanawake? Kwa nini mauaji yalinyamaza baada ya Novemba? Na tundu kubwa la nadharia liko wapi?

Hapo kwenye kisu, tahadhari. Utaambiwa muuaji lazima alikuwa daktari kwa sababu alitoa viungo vya ndani. Madaktari waliozishika maiti hawakukubaliana. Dakta Phillips, aliyemchunguza Annie Chapman, aliona mkono unaojua mwili ulivyopangwa. Dakta Gordon Brown, aliyemchunguza Catherine, alisema mtu huyo alijua viungo viko wapi, lakini akaongeza kwamba hata mtu aliyezoea kuchinja wanyama angekuwa na ujuzi huo. Dakta Bond akasema hakuna ujuzi wowote, hata wa bucha. Kwa hiyo nadharia inayosimama kwa mguu wa udaktari peke yake inasimama kwa mguu mmoja.

Zile ambazo sikuziingiza

Nadharia ya ikulu ina wapenzi wengi, na naelewa kwa nini: inawapa maskini adui mkubwa. Lakini Sir William Gull, daktari anayetajwa, alikuwa na miaka 71 mwaka 1888 na alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia. Mwanamfalme Albert Victor alikuwa Uskoti usiku walipouawa Elizabeth na Catherine. Na mtu aliyeisimulia hadithi ya njama hiyo miaka ya 1970 alikiri mwenyewe mwaka 1978 kwamba aliitunga. Shajara ya James Maybrick, mfanyabiashara wa Liverpool, ilijitokeza mwaka 1992 bila historia inayoeleweka, na aliyeileta aliwahi kukiri kuighushi kabla ya kukana tena. Michael Ostrog, mmoja wa washukiwa watatu aliowataja Macnaghten katika waraka wake, imeshathibitika kwamba alikuwa gerezani Ufaransa.

Barua pia nimeziweka kando. Jina "Jack the Ripper" lenyewe lilitoka kwenye barua iliyofika shirika la habari la Central News mwishoni mwa Septemba 1888, na wakuu wa polisi waliamini iliandikwa na mwandishi wa habari. Ukijenga juu ya mwandiko wa barua ile, huenda unamsaka mwandishi.

1. Aaron Kosminski

*Nani alimtaja.* Hapa ndipo nguvu yake ilipo. Macnaghten alimtaja mwaka 1894 kwa jina la ukoo tu. Robert Anderson, aliyekuwa mkuu wa upelelezi, aliandika mwaka 1910 kwamba muuaji alikuwa Myahudi wa Kipolandi na kwamba shahidi alimtambua lakini akakataa kutoa ushahidi dhidi yake. Kisha Donald Swanson, inspekta aliyepokea na kusoma ripoti zote za shauri, akaandika kwa penseli pembeni mwa nakala yake ya kitabu cha Anderson kwamba mtu huyo ni Kosminski. Hakuna mshukiwa mwingine mwenye maafisa watatu wa ngazi hiyo nyuma yake.

*Alikuwepo?* Alihamia London akiwa kijana, akafanya kazi ya kinyozi, na ndugu zake waliishi palepale mashariki mwa mji. Mwaka 1891 alichukuliwa kutoka Greenfield Street, mwendo mfupi kutoka Berner Street.

*Kisu na wanawake.* Shahidi mmoja wakati wa kulazwa kwake alisema aliwahi kushika kisu akamtishia dada yake. Lakini kumbukumbu za hospitali zinamwonyesha mtu aliyesikia sauti, aliyeogopa chakula cha kupewa na mikono ya wengine hata akaokota makombo mtaroni. Zinamwandika kuwa si hatari kwa watu. Ukizisoma unamwona mgonjwa, na muuaji wa Mitre Square, aliyefanya kazi yake ndani ya dakika zisizozidi 15 kati ya zamu mbili za konstebo Watkins, alikuwa na utulivu wa kutisha.

*Ukimya.* Aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Colney Hatch tarehe 7 Februari 1891. Kati ya Novemba 1888 na siku hiyo ni zaidi ya miaka miwili ambayo alikuwa huru.

*Tundu.* Yapo mawili. La kwanza, Swanson aliandika kwamba Kosminski alifariki muda mfupi baada ya kulazwa, ilhali Aaron Kosminski aliishi hadi Machi 1919. Afisa makini kama Swanson akikosea jambo kama hilo, lazima ujiulize kama majina ya watu wawili hayakuchanganywa. La pili ni shahidi. Kama ni Joseph Lawende, aliyemwona mwanamume na mwanamke karibu na Mitre Square saa saba na dakika 35, yeye mwenyewe alisema hadhani angemtambua mtu yule tena. Kama ni Israel Schwartz, aliyeona Elizabeth akisukumwa, basi nadharia inaegemea kifo ambacho wengine hawakihesabu.

Na ile shali? Mwaka 2014 ilidaiwa imebeba vinasaba vya Catherine na vya Kosminski, na mwaka 2019 matokeo yakachapishwa katika jarida la kisayansi. Wataalamu wa vinasaba waliyapinga. Kilichopimwa ni vinasaba vya mitokondria, ambavyo maelfu ya watu huweza kuvichangia. Vinaweza kumtoa mtu kwenye orodha, haviwezi kumtaja mmoja. Zaidi ya hapo, shali haimo katika ile orodha ya vitu vya Catherine niliyokusomea, na imepita mikono mingi mno. Usiichague nadharia hii kwa sababu ya shali. Ichague kwa sababu ya Swanson, kama unamwamini.

Neno moja zaidi. Vuli ile chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa juu, hata mkuu wa polisi, Sir Charles Warren, akaamuru maandishi ya chaki yaliyowataja Wayahudi pale Goulston Street yafutwe kabla ya kupigwa picha, akihofia ghasia. Nadharia ya "Myahudi maskini mwenye wazimu" ilizaliwa katika hewa hiyo. Hilo halimwondolei Kosminski tuhuma, ila ni mzigo wa haki wa kupima.

*Inamfaa* anayeamini kwamba waliokuwa ndani ya upelelezi walijua zaidi ya walivyoandika.

2. Montague John Druitt

Alitajwa na Macnaghten, ambaye alimpendelea kuliko wengine na akadai kuwa na habari za siri kwamba hata familia ilimshuku. Macnaghten mwenyewe aliingia Scotland Yard Juni 1889, baada ya mauaji hayo matano. Na alikosea mambo ya msingi: alimwita daktari wa miaka 41, ilhali Druitt alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31.

*Alikuwepo?* Ofisi yake ilikuwa King's Bench Walk, si mbali na City, eneo la kale la katikati ya London, lakini alifundisha na kulala Blackheath, ng'ambo ya mto. Mnamo 8 Septemba, Annie Chapman alipokutwa amekufa saa kumi na mbili alfajiri, Druitt alikuwa uwanjani Blackheath akicheza kriketi saa tano na nusu asubuhi. Inawezekana mtu aue, avuke mto, aoge, achukue gongo lake. Inawezekana, ila wewe ndiye utakayeibeba hiyo.

*Kisu na wanawake.* Hakuna kitu. Hata tukio moja.

*Ukimya* ndio uliomfanya awe mshukiwa. Alifukuzwa shuleni mwishoni mwa Novemba, na maiti yake ikaopolewa mto Thames tarehe 31 Desemba 1888, ikiwa na mawe mifukoni. Alimwachia kaka yake maneno kwamba alihisi anakuwa kama mama yao, ambaye alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa akili. Ukiisoma habari hiyo bila kumfikiria Ripper, unaona kijana aliyepoteza kazi na kuogopa urithi wa ugonjwa. Kwangu mimi tundu lake ni hilohilo: tumemchukua kwa sababu alikufa kwa wakati.

*Inamfaa* anayeliona swali la kwa nini mauaji yalikoma kuwa zito kuliko yote, na anayeshikilia watano bila kuongeza hata mmoja.

3. George Chapman, aliyezaliwa Seweryn Kłosowski

Usimchanganye na Annie Chapman. Jina ni la bahati mbaya tu.

Huyu alitajwa na Frederick Abberline, inspekta aliyeongoza kazi ya mitaani mwaka 1888 na aliyeijua Whitechapel kuliko wakuu wake. Alimtaja mwaka 1903, baada ya Chapman kuhukumiwa. Na hapa kuna jambo ambalo wengine wote hawana: Chapman ni muuaji aliyethibitishwa. Aliwaua kwa sumu ya antimoni wanawake watatu walioishi naye kama wake zake, Mary Spink, Bessie Taylor na Maud Marsh, akanyongwa tarehe 7 Aprili 1903.

*Alikuwepo?* Alifika London karibu na wakati wa mauaji na alifanya kazi ya kinyozi mashariki mwa mji. *Mkono?* Alijifunza upasuaji mdogo kwao Polandi, na mke wake wa wakati ule alisema aliwahi kumtishia kwa kisu walipokuwa Marekani. *Ukimya?* Alikwenda Marekani mwaka 1891, jambo linaloeleza vizuri kwa nini jalada la mauaji 11 linaishia mwaka huohuo, lakini halielezi ukimya wa baada ya Mary Jane Kelly.

Tundu unaliona. Mtu anayempasua mwanamke asiyemjua barabarani kwa dakika chache, kisha baada ya miaka akakaa kitandani mwa mkewe wiki kwa wiki akimtilia sumu na kumshika mkono anapotapika. Hao ni watu wawili katika nafsi moja? Wapo wanaosema muuaji hubadili njia akiogopa kukamatwa. Wengi wa wanaosoma wauaji wa mfululizo wanaona badiliko hilo ni kubwa mno. Tena mwaka 1888 alikuwa na miaka 22 tu, na mashahidi kadhaa walieleza mtu mkubwa zaidi.

*Inamfaa* anayetaka mshukiwa ambaye uovu wake hauhitaji kukisiwa.

4. Charles Lechmere

Hii ndiyo nadharia changa kuliko zote. Mwaka 1888 hakuna aliyemshuku. Ameingia orodhani kizazi hiki, baada ya watafiti kugundua kwamba "Charles Cross", shahidi aliyemkuta Polly Nichols, jina lake halisi lilikuwa Charles Allen Lechmere.

Tuione ile alfajiri kwa karibu, maana nadharia nzima iko ndani ya dakika tano. Ni saa tisa na dakika 40 usiku. Buck's Row ni giza, taa ni za kuhesabu. Robert Paul anakwenda kazini. Mbele yake anamwona mwanamume amesimama katikati ya barabara. Mwanamume anamsogelea, anamgusa bega, anamwambia aje amwone mwanamke aliyelala pale. Wanamshika mikono, ya baridi. Paul anahisi kama bado anapumua. Hawaoni damu kwa sababu ya giza. Wanaamua kuendelea na safari na kumwambia polisi wa kwanza watakayekutana naye. Dakika chache baadaye konstebo John Neil anapita na taa yake, anaona koo limekatwa.

Wanaomshuku Lechmere wanasema: alikuwa peke yake na maiti kabla ya Paul kufika, damu ilikuwa ingali inatoka, na alitoa jina ambalo halikuwa la kila siku. Konstebo Mizen naye alidai Lechmere alimwambia kuna polisi mwenzake anamhitaji kule, kauli iliyomwezesha kupita bila kupekuliwa. Njia yake kutoka Doveton Street hadi kazini Broad Street, alikoendesha mikokoteni ya farasi ya kampuni ya Pickfords, ilikatiza mitaa ya mauaji kadhaa.

Wanaomtetea wanajibu: mtu lazima amkute maiti. Cross lilikuwa jina la baba yake wa kambo. Alitoa anwani yake ya kweli na jina la mwajiri wake, akaja mwenyewe kutoa ushahidi. Muuaji anayejificha hafanyi hivyo. Na kama alikuwa amemaliza kuua, kwa nini amwite Paul aje aangalie, badala ya kutokomea gizani?

*Kisu na wanawake:* hana historia hiyo. *Ukimya:* hapa nadharia inakuwa kimya nayo. Alifanya kazi, akalea watoto wengi, akafa mwaka 1920. Wanaomshuku hulazimika kusema ama aliacha tu, ama aliua wengine ambao hawakuhesabiwa.

*Inamfaa* asiyeridhika na mshukiwa wa kusikia. Katika nadharia zote nne, Lechmere peke yake ndiye tunayejua kwa hakika kwamba alisimama karibu na mwili ukiwa bado haujapoa. Hilo ni jambo zito. Pia ni jambo ambalo lingempata mtu yeyote aliyewahi kazini kupitia njia ile.

5. Mtu wa palepale asiye na jina

Wengi huiruka hii kwa sababu haina sura. Mimi naona inastahili kiti chake mezani.

Inasema hivi: muuaji aliishi Whitechapel au Spitalfields, alivijua vichochoro, na jina lake halikuwahi kuingia kwenye jalada, au liliingia likapita. Siku zinaisaidia. Polly aliuawa Ijumaa alfajiri, Annie Jumamosi, Elizabeth na Catherine Jumapili, Mary Jane Ijumaa. Martha Tabram, ukimhesabu, aliuawa usiku wa sikukuu ya Agosti. Ratiba hiyo inafanana na ya mtu mwenye kazi ya kawaida na siku za mapumziko. Na kipande cha aproni ya Catherine kiliokotwa Goulston Street, yaani muuaji alitoka Mitre Square akarudi mashariki, kwenye polisi wengi, badala ya kukimbilia magharibi. Mtu anayerudi penye moto mara nyingi anarudi kwake.

Tundu lake ni kwamba haikanushiki. Kila ushahidi mpya inaumeza. Dakta Bond alimchora mtu wa aina hiyo: mwenye nguvu, mkimya, asiyetisha kwa macho. Mchoro huo ungewafaa maelfu.

Kuna pia Francis Tumblety, tabibu wa kujipachika kutoka Marekani, aliyekamatwa Novemba 1888 kwa kosa jingine, akapewa dhamana na kutoroka. Inspekta Littlechild alimtaja katika barua ya 1913. Alikuwa mrefu, mwenye masharubu makubwa na umri wa zaidi ya miaka 50; hakuna shahidi aliyeeleza mtu kama huyo, ndiyo maana sikumpa kichwa chake.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama kwako neno la polisi wa wakati ule ndilo zito, uko kati ya Kosminski na Chapman, na swali lako la kweli ni kama unamwamini Swanson au Abberline. Soma kila mmoja alikuwa wapi mwaka 1888: Swanson dawati kuu, Abberline mitaani. Kisha uamue nani alikuwa na nafasi nzuri ya kujua.

Kama unataka ushahidi wa mahali na saa, anza na Lechmere, lakini soma ushahidi wake na wa Robert Paul mbele ya uchunguzi wa kifo kabla ya kusikiliza mtu yeyote anayeufasiri.

Kama unamhesabu Alice McKenzie au Frances Coles, futa Druitt, na kwa Frances futa Kosminski pia. Usijaribu kuwabakiza kwa nguvu.

Kama unaandaa kipindi au makala na una muda wa mshukiwa mmoja tu, fikiria kuchukua mauaji moja badala ya mshukiwa. Usiku wa Catherine peke yake una mashahidi, saa, njia ya kutorokea na madaktari wenye maoni yao. Msikilizaji atajifunza kupima mwenyewe.

Kama familia au rafiki anakusukumia njama ya ikulu, usibishane. Mwulize tu Gull alipata kiharusi lini.

Na kama uko London, au ndugu yako anaishi huko, mambo mengine yanapimwa kwa miguu. Buck's Row sasa inaitwa Durward Street, iko nyuma tu ya kituo cha treni cha Whitechapel. Berner Street ni Henriques Street. Mitre Square bado ipo. Simama pale na saa mkononi, hesabu dakika 14, uone ni muda gani. Kisha kama siku inaruhusu, panda treni hadi Manor Park. Polly na Catherine wamezikwa City of London Cemetery, na Annie katika makaburi ya jirani.